Mashine ya kuchonga kwa kompyuta: niliyomwambia mpwa wangu kabla hajatoa hela

Saa nne usiku mpwa wangu wa Lindi alinitumia video. Kuna boksi jeusi, mwanga unacheza juu ya kipande cha chuma, na baada ya muda mfupi anatokea simba ambaye manyoya yake unaweza kuyahesabu. Chini ameandika: "Shikamoo Mjomba. Hii je?"

Nikamjibu kwa swali: huyo simba, hapo Lindi nani amewahi kuja dukani akakuomba umchongee?

Akanyamaza mpaka asubuhi. Kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito wake, hasa hela ikiwa ni ya korosho na wote tunajua nyingine haiji mpaka msimu ujao. Asubuhi akapiga simu, tukaongea karibu saa nzima. Haya ni niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya vocha kuisha.

Mimi nina kibanda cha mihuri, vibao na ngao hapa Mtwara mjini, Chikongola. Marehemu baba alikuwa mchonga vinyago. Mimi nilianza kwa kuchonga majina ndani ya pete kwa mkono, kwa kalamu ya chuma, nikiwa nimeegemea dirisha kwa sababu ya mwanga. Mpaka sasa nimenunua mashine tatu. Ya kwanza niliijutia, na nitaieleza.

Anza na daftari

Kabla hujatazama mashine yoyote, chukua daftari la shule, lile dogo. Kila mteja akija na kazi usiyoiweza, au unayoipeleka kwa mwingine, andika: ni kitu gani, cha malighafi gani, kina ukubwa gani, anataka vingapi, alikuwa tayari kulipa kiasi gani. Fanya hivyo miezi miwili mitatu. Huku Kusini biashara ina misimu, kwa hiyo ukiandika kipindi kimoja tu utajidanganya. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, vyama vya msingi vinakumbuka kwamba muhuri wao umelika, na waliokwisha kulipwa wanataka jina kwenye kila kitu. Wakati wa mahafali ni ngao. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikikaribia ni vikombe na medali. Mvua zikikolea, mimi hukaa nikipiga soga na jirani yangu muuza barafu.

Daftari langu la mwaka niliponunua mashine ya pili lilijaa kurasa 11. Zaidi ya nusu ilikuwa mihuri na vibao vya milango. Zikafuata ngao za akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, kisha majina kwenye masanduku ya mbao ya zawadi. Halafu ikawepo kazi ambayo sikuitarajia kabisa: fundi wa mkandarasi mmoja wa mambo ya gesi alitaka vibati vya stenlesi vyenye namba, vya kufungwa kwenye valvu, 200 kwa mkupuo. Nilimrudisha. Kazi ile moja imenikaa kooni mpaka leo. Simba hakuwemo hata mmoja.

Mpwa wangu alipinga kidogo. Akasema, Mjomba, mashine ikiwepo na wateja watakuja. Huenda. Ila mkopo hausubiri.

Mashine nne, jina moja

Tatizo ni kwamba "mashine ya kuchonga" ni jina moja la vitu vinne vinavyofanya kazi tofauti kabisa, na muuzaji anayetaka kumaliza stoo yake atakuambia kila moja inafanya yote.

Ya kwanza ni leza ya CO2, ile yenye tyubu ndefu ya kioo ndani. Mwale wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi ni nanomita 10,600, na hiyo namba ina maana dukani kwako. Wimbi la namna hiyo linamezwa na mbao, raba, ngozi, karatasi, akriliki na kioo, kwa hiyo linavichonga, na vile visivyo vinene, isipokuwa kioo, linavikata. Likigonga chuma kitupu linarudishwa, kama kioo cha kujitazamia kinavyorudisha jua. Usije ukaahidi mtu kijiko cha stenlesi kwa CO2. Chupa ya stenlesi iliyopakwa rangi sawa, kwa sababu pale unaondoa rangi tu na chuma kinaonekana chini yake.

Ya pili ni leza ya faiba, nanomita 1,064. Hii ndiyo ya chuma: stenlesi, shaba, alumini, fedha, dhahabu. Haina tyubu ya kioo wala maji ya kupoza kwa hizi ndogo za wati 20 mpaka 50, inakula umeme kidogo, na watengenezaji huwa wanataja saa 100,000 kama umri wa chanzo chake cha mwanga. Tyubu ya kioo ya CO2 huhesabiwa kwa maelfu machache ya saa, tena gesi yake inapungua hata ikikaa stoo. Sasa usifurahi mapema: mbele ya akriliki angavu faiba ni kama tochi, mwanga unapita tu, na kwa mbao haina faida.

Hapo kwenye faiba kuna jambo watu huliruka, nalo ni lenzi. Kichwa chake hakitembei. Vioo viwili vidogo vinarusha mwale huku na huku, na ukubwa wa eneo unaamuliwa na lenzi. Lenzi ya milimita 110 kwa 110 inakusanya mwale vizuri na kuchonga kwa nguvu. Ya 300 kwa 300 inakupa eneo kubwa, lakini nukta inatanuka na nguvu inapungua, kwa hiyo mashine ileile ya wati 20 inageuka mnyonge. Kwa pete, vibati, kalamu na simu, chukua ya 110. Kama una vibao vya chuma vya ukubwa wa daftari, ongeza lenzi ya pili baadaye.

Ya tatu ni leza ya dayodi, mwanga wa bluu wa nanomita kama 450. Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo niliyoijutia. Tangazo liliandika wati 80. Sikujua kwamba hizo ni namba za umeme unaoingia, au za kupamba boksi tu. Mwanga wenyewe uliokuwa ukitoka ulikuwa wati 10. Siku zote uliza wati za mwanga unaotoka. Ilichoma majina kwenye mbao na ngozi vizuri, sikatai. Lakini mwanga wa bluu unapita akriliki angavu bila kuigusa, na vibao na ngao nyingi za daftari langu zilikuwa za akriliki angavu. Niliiuza kwa kijana wa Masasi anayechoma majina kwenye mikanda na viatu vya ngozi, na yeye anaisifu mpaka leo. Mashine haikuwa mbaya. Haikuwa yangu.

Ya nne ni CNC, yenye mota inayozungusha biti, kisu kidogo kama cha drili, na kula malighafi kwelikweli. Hii ndiyo inayochonga kwa maana ambayo baba angeielewa: kina, ukingo, ua linaloinuka juu ya mninga. Zile ndogo huitwa kwa namba za kitanda chake, yaani eneo la kufanyia kazi. 3018 ni sentimita 30 kwa 18, 6040 ni 60 kwa 40. Mimi sina. Kazi za CNC nazipeleka kwa seremala mmoja wa Magomeni ya hapahapa Mtwara mwenye 6090, tunagawana. Ushauri wangu ni kwamba duka dogo la vibao na mihuri lisianze na CNC. Ina kelele, ina vumbi, kila kazi inataka kubanwa upya, na herufi ndogo za milimita mbili zinakuwa na pembe za mviringo kwa sababu biti ni duara. Ukiwa seremala, sahau nilichosema, anza nayo.

Mpingo, maana utaulizwa tu

Mtu mwenye mashine ya kuchonga Mtwara au Lindi ataletewa mpingo. Hakuna kukwepa. Kilwa kuna vijiji vilivyopata cheti cha kimataifa cha kuuvuna kwenye misitu yao, na Ulaya wanatengenezea klarineti na obo. Huku kwetu wanauleta ukiwa kinyago, fimbo ya mzee, au kipande cha kuwekea kalamu mezani kwa bosi, na wanataka jina lionekane.

Taabu iko hapo kwenye kuonekana. Leza inafanya alama kwa kuunguza, na mbao nyeupe ikiungua inakuwa kahawia au nyeusi, unasoma ukiwa mbali. Mpingo tayari ni mweusi. Ukipiga jina kwa CO2 kwenye mpingo uliong'arishwa unapata herufi za kijivu zilizofifia, ambazo mteja lazima azielekeze kwenye mwanga kama anayekagua noti. Nilichojifunza ni hiki: ng'arisha kwanza, bandika karatasi ya gundi juu, piga mara mbili au tatu ili upate kina cha karibu nusu milimita, jaza rangi nyeupe au ya dhahabu karatasi ikiwa bado ipo, acha ikauke, kisha bandua. Ukibandua rangi ikiwa mbichi inavutika na kuacha ndevu.

Baba alikuwa na njia nyingine. Alikuwa anaacha ile sehemu ya nje ya gogo, nyeupe ya manjano, ikae upande mmoja wa kinyago. Ukipata kipande chenye ukanda huo, piga jina hapo, na leza itakufanyia kazi safi bila rangi yoyote.

Kwa CNC mpingo ni mtihani wa fremu. Mti huu unazama kwenye maji kwa uzito wake. Mashine ya 3018 yenye fremu ya plastiki inapinda biti ikigusa, na mstari ulionyooka kwenye kompyuta unatoka una mawimbi. Seremala wangu anatumia biti za kabaidi na anakula kama theluthi ya milimita kwa kila mpito, polepole. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa si mapambo. Na mpingo uwe na kibali chake. Kipande kisicho na karatasi usikipokee hata kama mteja ni mjomba wako.

Maji, joto na chaja ya simu

Ukiamua CO2, nusu ya ununuzi wako ni kupoza. Tyubu ikifanya kazi inachemka, na maji lazima yapite ndani yake muda wote. Mwanzoni nilitumia ndoo na pampu ya kuzamisha, na mchana nikawa natumbukiza chupa za barafu kutoka kwa jirani. Ilikwenda miezi mitano. Siku moja kijana wangu alichomoa pampu akachomeka chaja ya simu yake, mimi nikiwa nimekwenda kuswali. Nikarudi, nikaanzisha kibao cha mlango wa mwanasheria, na dakika chache baadaye nikasikia mlio mdogo kama glasi inayowekewa chai ya moto. Tyubu imekwenda.

Sikumfukuza. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mashine ile haikuwa na kitambuzi cha mtiririko, kile kinachozima leza maji yakisimama, na mimi sikuuliza nilipoinunua. Sasa ndilo swali langu la kwanza kwa muuzaji: onyesha waya wa kinga ya maji, chomoa pampu mbele yangu, tuone kama leza inakataa kuwaka. Tyubu mpya nilikwenda kuichukua Dar es Salaam mwenyewe, nikarudi nayo kwenye basi kutoka Mbagala, nimeilaza magotini juu ya mto wa kulalia, zaidi ya kilomita 500 na kila tuta nikilijua kwa jina.

Kuhusu kipoza maji, kuna namba mbili utakazoziona: CW-3000, na zile za CW-5000 au 5200. Ya 3000 ni rejeta na feni tu. Haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, na chumba cha Mtwara mwezi wa Januari unakijua. Za 5000 na 5200 zina kompresa kama friji. Kwa pwani yetu lipia yenye kompresa. Lakini usizidishe baridi kwa furaha. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na maji yakiwa ya baridi sana tyubu inatoka jasho kama soda inavyotoka jasho mezani, na jasho likidondokea upande wenye umeme mkubwa ni cheche. Mimi naweka nyuzi 24 mpaka 25 na siendi chini. Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, ya dukani. Ya kisima yana chumvi, yanaacha ukoko na yanapitisha umeme.

Chumvi hiyohiyo iliyomo hewani inakula reli na skrubu. Jioni napitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani kwenye reli, na mashine naifunika shuka. Vioo na lenzi sigusi kwa kidole, natumia pamba na spiriti safi.

Umeme

Sizungumzii bili, hiyo utaizoea. Tyubu ya wati 60 haimaanishi mashine inakula wati 60. Ukijumlisha kipoza maji, feni ya moshi na pampu ya hewa utafika karibu kilowati moja. Andaa LUKU yako hivyo.

Kinachouma ni umeme kukatika kazi ikiwa katikati. Kibao cha akriliki kilichofika nusu ni hasara, kwa sababu ukianza upya mstari hauangukii palepale. Unapochagua, hakikisha mashine ina swichi za mwisho wa reli na inarudi yenyewe kwenye pembe yake ya kuanzia kila inapowashwa. Bila hizo, baada ya umeme kurudi unakisia. Kwa faiba ndogo, UPS nzuri, ile betri ya akiba, inaweza kubeba mashine nzima mpaka umalize herufi zilizobaki. Kwa CO2 mimi nimeweka UPS kwenye kompyuta na kidhibiti tu, mengine yapo kwenye stabilaiza.

Na ethi. Ndani ya CO2 kuna zaidi ya volti elfu 15. Nondo ya ardhini ichimbiwe, na fundi umeme aipime mbele yako. Kibanda changu kilikuwa na soketi ya pini tatu ukutani, na nyuma ya pini ya tatu hakukuwa na waya wowote. Uliza mashine ni ya volti 220 hadi 240 na ya fezi moja. Zipo za volti 110, na zipo CNC kubwa za fezi tatu, na zote hizo zitakaa pembeni kama meza ya gharama.

Nenda dukani na mfuko wako

Ukienda Kariakoo au popote kutazama, usitazame sampuli za muuzaji. Kila muuzaji ana sampuli nzuri. Nenda na mfuko wenye vitu vyako: kipande cha akriliki unachouza wewe, raba ya muhuri, kijiko, kipande cha mpingo, glasi, na flash yenye faili uliyotengeneza mwenyewe. Kwenye faili hiyo weka duara la milimita 50, mraba wa milimita 50, na jina la mtaa wako kwa herufi za milimita mbili.

Akishachonga, toa kipimo cha venia. Duara likiwa yai, kuna mkanda uliolegea au reli iliyochoka. Mraba usiokutana kwenye kona ni dalili hiyohiyo. Kwa CO2 mwambie apige nukta moja katika kila pembe ya kitanda kwa nguvu ileile. Nukta ya pembe ya mbali ikiwa hafifu, vioo havijapangwa. Halafu toa futi uipime tyubu. Ya wati 40 ina urefu wa kama sentimita 70, ya wati 60 inazidi mita moja. Nilishaonyeshwa tyubu ya sentimita 70 yenye kibandiko cha wati 60, na muuzaji akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Mwisho mwambie azime swichi kubwa katikati ya kazi, aiwashe tena, aendelee. Akikataa kukufanyia hilo moja, kunywa maji yake, mshukuru, ondoka.

Pima pia mlango wako. Kitanda cha sentimita 60 kwa 90 kina boksi linalozidi mita moja kila upande, na nimeona mtu akibomoa fremu ya mlango wa kibanda cha kupanga mwenye nyumba akiwa amesimama hapo. Kitanda cha 40 kwa 60 kinatosha duka dogo. Akriliki inakuja kwa karatasi ya futi 4 kwa 8, utaikata vipande hata ukinunua kubwa kiasi gani.

Kompyuta na programu sitakawia. Kwa CO2 tafuta kidhibiti cha aina ya Ruida, kwa sababu faili inaingia kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe na kompyuta yako inaweza kwenda kufanya mengine. Inaelewana na programu ya LightBurn. Faiba nyingi zinakuja na EZCAD. Kwa CNC kagua soketi: nyingine bado zinataka ile soketi pana ya printa za zamani, na laptopu ya leo haina. Kama unachora kwa CorelDRAW, endelea nayo, hifadhi kwa DXF au SVG.

Moshi, macho na muhuri wa mtu

Wiki ya kwanza ya mihuri, mama lishe wa nyuma ya kibanda alikuja na sahani ya wali akaniambia, "Onja." Ulikuwa na ladha ya raba. Bomba la moshi liende juu ya paa, wala lisitoboe ukuta kuelekea kwa jirani.

Kuna kitu ambacho leza haitakiwi kukigusa kabisa, PVC. Kikiungua kinatoa gesi ya asidi yenye klorini, inayoumiza mapafu yako na kutia kutu mashine nzima kwa muda mfupi. Ngozi nyingi za bandia ni PVC, na mteja ataapa kwamba ni ngozi halisi. Mimi nina waya wa shaba nyekundu: naupasha kwenye moto mpaka uwe mwekundu, naugusisha kwenye kipande chake, naurudisha motoni. Mwali ukiwa wa kijani, namrudishia mkoba wake.

Miwani ya leza haibadilishani. Ya dayodi imetengenezwa kwa nanomita 450, na mbele ya faiba ni kama hujavaa kitu. Na mwale wa faiba huuoni, lakini unafika nyuma ya jicho na kuacha shimo. Nunua inayotaja nanomita za mashine yako. Kama faiba inauzwa ikiwa wazi, bila boksi, na una watoto wanaoingia dukani, tafuta yenye boksi. Na usiache CO2 ikikata akriliki ukaenda kununua vitumbua. Inawaka moto kweli. Weka kizima moto pembeni ya mlango, mahali utakapopita ukikimbia.

Mihuri nayo: mimi sichongi muhuri wa ofisi, chama wala shule bila barua, na nakala nabaki nayo. Nembo ya Taifa siigusi bila ruhusa ya maandishi. Utapoteza wateja wawili watatu. Wapoteze.

Hela yenyewe

Kama una kumi, mashine isizidi sita. Tatu ni za kipoza maji, stabilaiza, ethi, bomba, miwani, na malighafi ya kuharibu wakati unajifunza, maana utaharibu. Moja ifungie: ni ya lenzi, vioo, mkanda, na tyubu ya akiba kabla msimu haujaanza. Ukiagiza Uchina mwenyewe, kwenye hesabu yako weka ushuru, VAT ya asilimia 18, wakala wa forodha, na lori la kutoka Dar. Ukinunua Dar kwa bei ya juu kidogo kwa mtu mwenye vipuri na fundi anayepokea simu, mimi nahesabu hiyo tofauti kama kipuri.

Mpwa wangu alianza daftari lake wiki hiyohiyo. Juzi alinipigia picha kurasa tatu: mihuri 14, vibao vya milango tisa, majina ya madawati ya shule moja ya Mingoyo, ngao, na mzee mmoja anayetaka fimbo yake ya mpingo iandikwe jina la babu yake. Chuma, hakuna hata kimoja. Kwa hiyo ni CO2, wati 60, kitanda 40 kwa 60, na simba tumemsamehe kwa sasa. Jumamosi anakuja kujaribu kwenye yangu. Nimemwambia aje na akriliki yake, raba yake na ile fimbo ya mzee, kama mzee atakubali kuiachia.